Turbo ya Baba Mkubwa na Mkono wa Baba

Jumamosi, jioni. Mvua imeinyeshea Laini Saba, mtaa wetu wa Kibera, tangu mchana na matope yamefika mlangoni. Afadhali. Leo jua lingenikera tu.

Kama umefungua ukurasa huu ukitafuta lile shairi nililoahidi, rudi siku nyingine. Leo nimekasirika. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia mtu mwenye hasira aandike sentensi fupi, ili hasira isipate nafasi ya kujipamba. Nitajaribu.

Leo simpendi Baba Mkubwa.

Nimeshaandika na sifuti. Na kama binamu zangu wanasoma, wampelekee.

Baba Mkubwa ni kaka yake Baba. Ana gereji Kawangware, nyuma ya maduka ya mbao, mahali ambapo udongo umekunywa oili mpaka umekuwa mweusi kama lami. Yeye ndiye aliyemtoa Baba kijijini na kumfundisha ufundi, ingawa baadaye Baba aliacha spana akashika usukani. Katika ukoo wetu, mkubwa akisema, amesema. Unaweza kumpinga ukiwa naye peke yake, kwa sauti ya chini, baada ya chai. Mbele ya watu humpingi. Mbele ya mafundi wake, kwake mwenyewe, ndiyo kabisa.

Mimi nimempinga mbele ya mafundi wake, kwake mwenyewe.

Nieleze kuhusu gari kwanza, la sivyo hutaelewa kwa nini nilifungua mdomo.

Gari letu ni steshenwagoni kuukuu ya silinda nne. Tunamwita Kobe. Kila wiki Baba huenda naye ziwani, upande wa Busia, na kurudi na magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ambayo Mama huuza Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera. Viti vya nyuma viling'olewa zamani. Hata ukimwosha Kobe kwa sabuni ya aina gani, ananuka samaki, na mimi huenda shuleni nikinuka Kobe. Sijali. Chakula chetu, kodi ya nyumba, sare yangu, vyote vimetoka mgongoni mwake. Injini ile ikifa, Mama hatakuwa na cha kuuza, na sijui muhula ujao nitakuwa darasani ama nitakuwa nimekaa sokoni nikifukuza nzi.

Shida ya Kobe ni milima. Kwenye tambarare anakimbia vizuri. Lakini kuanzia Mau, na tena pale mwisho unapopanda kutoka bondeni kuja Limuru, huwa anapanda kama mgonjwa kwenye ngazi za hospitali. Likizo iliyopita nilikuwa ndani. Malori yalipanga foleni nyuma yetu yakipiga honi. Utingo wa basi alitoa kichwa dirishani alipotupita akasema, "Mzee, shuka umbebe!" Baba alicheka. Mama hakucheka. Mimi nilimwangalia utingo yule mpaka basi likapotea, nikimwombea pancha.

Basi Baba Mkubwa aliposikia, akasema Kobe aongezewe mapafu. Gerejini kwake kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni turbo aliyoitoa kwenye gari lililogongwa. Kingine ni supachaja ndogo iliyoachwa na mteja aliyeuza gari lake kabla haijafungwa. Akamwambia Baba aje Jumamosi achague.

Nilifurahi sana. Niliona hatimaye kuna jambo nyumbani kwetu linalohusu kitu ninachokijua. Wiki nzima nilimsumbua mwalimu wa fizikia wakati wa mapumziko. Alinichorea vyote viwili ubaoni, akaniacha nivieleze kwa maneno yangu mwenyewe, na nilipokosea akafuta akaanza upya.

Si vigumu. Injini hupumua hewa na kuichoma pamoja na petroli. Ukiisukumia hewa zaidi, na ukiongeza petroli kwa kipimo, inapata nguvu zaidi. Vyombo vyote viwili kazi yao ni kusukuma hewa. Tofauti ni nani anayevizungusha. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe, kwa hiyo hufanya kazi pale pale ukikanyaga mafuta, lakini inakula sehemu ya nguvu inayoleta. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka nje, moshi ambao ungepotea bure. Haimnyang'anyi Kobe mengi. Lakini ina tabia yake.

Tabia hiyo ndiyo iliyoniharibia siku.

Turbo hukaa kwenye joto la moshi, na mhimili wake huzunguka kasi ajabu. Kinachouokoa ni oili inayosukumwa kutoka kwenye injini. Sasa, gari likipanda mlima na mzigo, turbo inakuwa ya moto mpaka iwe nyekundu. Ukizima injini hapo hapo, oili inasimama. Ile iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi kwenye mhimili. Leo kidogo, kesho kidogo, hadi mhimili unakwama na vipande vinaingia mahali pasipofaa. Kwa hiyo ukifika juu ya mlima huzimi. Unaacha injini ingurume polepole hadi joto lishuke, ndipo unazima.

Na Baba je? Baba hufanya nini akifika juu ya mlima?

Kila mtu aliyewahi kusafiri na Kobe anajua. Ukimaliza kupanda kuna mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Baba huegesha hapo kila safari. Kabla magurudumu hayajatulia vizuri, mkono wake umeshageuza ufunguo. Anapapasa dashibodi na kusema, "Pumzika, Kobe. Umefanya kazi." Halafu ndipo tunanunua mahindi, yenye ndimu na pilipili, na hakuna anayeruhusiwa kumharakisha Kobe mpaka magunzi yatupwe.

Ni upendo. Nimekuwa nikiuona tangu nikiwa mdogo. Na kwa turbo, upendo huo ni sumu.

Hata mjini ni hivyo hivyo. Foleni ikisimama kidogo tu, anazima. Mteja akimsimamisha, anazima. Petroli siku hizi si ya kuchezea, na mkono wake umezoea.

Kwa hiyo nilienda Kawangware nikiwa nimeshachagua. Supachaja. Ukimzima Kobe juu ya mlima akiwa na supachaja, oili haitaungua hivyo kwenye mhimili, kwa sababu supachaja haikai kwenye njia ya moshi. Inamfaa mtu wetu jinsi alivyo.

Tulifika kabla mvua haijaanza. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya magurudumu wakila chapati na maharagwe. Baba Mkubwa alikuwa ameshaiosha turbo kwa petroli ikang'aa kama sufuria ya harusi, ameiweka juu ya meza. Supachaja ilikuwa chini, kwenye kona, na kikombe cha mtu kimewekwa juu yake. Hapo nilijua kwamba neno kuchagua lilikuwa la heshima tu.

Alianza kumweleza Baba. Na hapa lazima niwe mkweli, ingawa inaniuma. Alieleza vizuri. Alisema kule Mau hewa ni nyepesi, ndiyo maana Kobe anakosa pumzi, na turbo huweza kujaza upungufu huo bila kuibebesha injini mzigo mwingine. Alisema supachaja ingemfanya Kobe anywe petroli safari nzima, hata kwenye tambarare ambako hana shida. Alisema ataiweka isukume kidogo tu kwa sababu injini yetu haikuzaliwa nayo. Yote yalikuwa kweli. Mengine mwalimu wangu hakuwa ameyasema.

Ningeweza kunyamaza. Nilisema, kwa adabu, nikaanza na "Samahani, Baba Mkubwa." Nikauliza kuhusu kuzima gari likiwa la moto.

Fundi mmoja wanayemwita Masharubu akaweka chapati chini. Akawaambia wenzake, "Wasee, tumepigwa kalamu. Injinia amekam." Yaani wamefutwa kazi, injinia mpya amefika.

Wakacheka wote. Mwingine akaniuliza kama nimekuja na ubao wangu. Masharubu akanyoosha spana kwangu, akitaka nimwonyeshe ni namba ngapi. Nilimwambia. Nilikuwa sahihi. Hata hivyo hawakupunguza kicheko.

Baba Mkubwa hakucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alinijibu bila kuniangalia, akisema jambo hilo analijua tangu kabla sijazaliwa, kwamba atamwambia Baba asubiri kidogo kabla ya kuzima, na kwamba yameisha.

Yameisha! Kana kwamba mkono wa mtu ni swichi.

Nikasema, "Baba hataweza. Atazima tu. Si tunamjua?"

Baba alikuwa ameshika kofia yake. Akaitazama ndani, kama mtu aliyepoteza kitu humo.

Baba Mkubwa akafunika turbo kwa gunia. Akasema, "Mimi nilimfunza baba yako kushika spana kabla hajajua kunyoa. Leo mtoto wake anakuja kwangu kuniambia hataweza. Sawa. Sigusi hilo gari, si kwa turbo si kwa nini, mpaka huyu aje aombe msamaha. Hapa hapa. Mbele ya hawa."

Masharubu akarudia kula chapati yake. Natumaini ilikuwa imepoa.

Tulirudi Kibera. Mvua ilitupata njiani na wiper ya upande wangu haifanyi kazi. Tulipofika kwenye foleni, gari zote zikasimama, na mkono wa Baba ukageuza ufunguo. Kobe akanyamaza. Nilitazama mkono ule. Baba aliona ninatazama.

Akasema, "Kuzima nilifunzwa na yeye."

Foleni iliposogea akawasha, akanishusha karibu na reli, akaenda kupeleka magunia mawili ya Mama kwa mteja wa Lindi, mtaa mwingine wa hapa hapa Kibera.

Kumbe ndivyo ilivyo. Zamani, Baba Mkubwa alipokuwa na gari la kwanza la kubebea mboga, alimwambia mdogo wake kwamba gari ni kama ng'ombe wa kulimia: likimaliza kazi, lipumzishe. Mama ndiye aliyeniambia haya. Kwa hiyo mkono ninaoulaumu si wa Baba peke yake. Ni wa Baba Mkubwa, umekaa kwenye bega la Baba miaka yote hii. Na sasa mwenye mkono anataka kuuondoa kwa neno moja.

Nilimweleza Mama yote nikitegemea angalau yeye atakasirika pamoja nami. Alikuwa anapepeta omena, akitoa mchanga. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kesho baada ya kanisa nitaenda Kawangware na nitaomba msamaha. Nikamwuliza ninaomba msamaha kwa kusema kweli? Akasema ukubwa ni jalala, mkubwa huvumilia takataka za wote, na mimi nisiwe mmoja wa wanaomtupia. Nikamwambia kama Baba Mkubwa ni jalala basi hajajaa hata robo. Mama akaniangalia. Nikachukua ungo mwingine.

Jirani yetu, mama mwenye nyumba, alikuwa kibarazani akisikia kila kitu, kama kawaida yake. Akasema kwa sauti ya kutosha kwamba msichana akijua sana mambo ya magari atakosa mtu wa kumwoa. Sikumjibu. Nimeandika hapa ili ajue nilisikia.

Tulipepeta. Mvua ilipiga mabati. Na kadiri nilivyopepeta ndivyo jambo jingine lilivyozidi kunikera, na hili sikulitarajia.

Wote wamezungumza kuhusu nilivyomkosea Baba Mkubwa. Baba Mkubwa mwenyewe, Mama, hata mimi. Lakini nilipolirudia neno langu kichwani, halikuwa linamhusu Baba Mkubwa hata kidogo. Nilisema Baba hataweza. Niliyasema hayo mahali ambapo Baba alikuwa mwanafunzi, mbele ya kaka yake, mbele ya watu wanaojua aliacha spana, na wengine husema aliacha kwa sababu spana ilimshinda. Nilifikiri namtetea Kobe. Aliyebaki amesimama pale na kofia mkononi hakuwa Kobe.

Hasira yangu haikupungua. Ilihama tu. Ilikuwa Kawangware, ikaja ikakaa nami hapa kwenye ungo, na hapa ni padogo.

Bado naamini supachaja ingetufaa. Nataka hilo lieleweke. Turbo ni bora kwa mlima, supachaja ni bora kwa mtu wetu, na anayefunga chombo kwenye gari anapaswa kumfikiria anayeendesha. Siku moja nitakuwa na gereji, ama nitakuwa chuo kikuu, ama vyote, na nitasema hivyo bila kunyooshewa spana puani. Hilo halijabadilika.

Lakini Kobe Jumanne anaenda ziwani bila mapafu yoyote. Kwa sababu yangu. Atapanda tena na malori nyuma yake.

Niliacha kuandika hapo. Nilidhani nimemaliza.

Sasa nimerudi kwa sababu ya jambo lililotokea muda huu, giza likianza kuingia.

Baba amerudi kutoka Lindi. Huwa anaegesha uwanjani kando ya kanisa, chini kidogo ya dirisha letu, ambapo mlinzi hutuangalizia gari. Namjua kwa sauti. Kobe huja, hukohoa mara moja, kisha kimya, kisha mlango. Tangu utotoni nimelala na kuamka kwa mpangilio huo. Kimya huja kabla ya mlango.

Leo Kobe alikuja akakohoa, halafu akaendelea kunguruma.

Nilingoja. Mama naye alinyanyua kichwa. Injini ilinguruma polepole, ikitetemeka kidogo kama kawaida yake ikiwa tupu. Nilidhani Baba anazungumza na mtu. Nikachungulia dirishani. Alikuwa peke yake ndani ya gari, mikono yote miwili juu ya usukani, mbali na ufunguo. Mvua ilikuwa imepungua. Taa amezima. Injini ilikuwa inanguruma bure.

Kobe hana turbo. Hana chochote cha kupoza. Ametoka Lindi, ambako ni hapa tu.

Mama akafungua mlango akamwita, akamwuliza kama amelala huko ndani ama petroli sasa inagawiwa bure na kanisa.

Baba akajibu kupitia dirishani, bila kupaza sauti. "Wacha, Mama Nekesa. Mkono unazoea."

Nekesa ni mimi.

Mama akabaki mlangoni. Mimi nikarudi nyuma ya pazia, kwa sababu sikutaka anione, na sijui kama aliniona.

Kwa hiyo ameshachagua. Ni turbo. Nimeshindwa, na Masharubu atacheka mpaka Krismasi. Nina hasira bado, nadhani nina haki nayo. Lakini nilisema hataweza, na yuko pale nje, kwenye matope, anajifunza kitu ambacho kaka yake alimfunza kinyume.

Kesho nitaenda Kawangware. Nitasimama pale pale, mbele ya hao hao, na nitaomba msamaha. Baba Mkubwa atapata wake, kwa sababu kwake ni kwake na sikupaswa kusemea hapo. Kuhusu oili na joto sitarudisha hata nukta. Halafu nitageuka nimwambie Baba, mbele ya chapati zao na masharubu yao, kwamba nilikosea kuhusu mkono wake. Naona hili ni gumu kuliko fizikia yote niliyosoma muhula huu.

Na Jumanne nitamwomba nimsindikize, ikiwa shule itakuwa imefungwa kwa mikutano ya wazazi kama wanavyosema. Nataka kuwa kwenye kiti cha mbele tutakapofika kwa mama wa mahindi. Sitasema kitu. Nitaangalia tu ndimu yangu.

Chai yake nimeshamimina kwenye kikombe cha bati. Mama anasema niende nikamwambie aingie kabla haijapoa.

Kobe bado ananguruma.

Chai nimeifunika kwa sahani. Acha ipoe.